Kilomita nne bila kupitia Ulaya: shajara ya mtandao wa vyuo vyetu, Lubumbashi

12 Agosti

Nimepanda juu ya paa la maktaba yetu na darubini ya kuazima. Chuo cha tiba kinaonekana wazi: bati jekundu la maabara yao, na mbali nyuma yake bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, limesimama kando ya kile kilima cheusi ambacho kila mtoto wa Lubumbashi hukitazama ili ajue yuko upande gani wa mji. Toka paa lao hadi letu ni kilomita nne na kidogo. Mwenye haraka anazimaliza kwa miguu kabla saa haijaisha.

Niliposhuka nikakaa kwenye mashine ya ofisini, nikapiga ping, ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi, kwenda seva yao. Jibu lilirudi baada ya milisekunde 391. Nikafuatilia njia hatua kwa hatua. Pakiti, kile kifurushi cha data, inatoka kwetu, inavuka mpaka Kasumbalesa, inateremka mpaka Afrika Kusini, inapita chini ya bahari hadi Uingereza, kule inakabidhiwa mtoa huduma wa chuo cha tiba, halafu inarudi njia nyingine ndefu vilevile ije igonge mlango wa jirani. Na jibu nalo lizunguke hivyo hivyo.

Hesabu inakubali. Mwanga ndani ya kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya WACS peke yake, kutoka Yzerfontein, pwani ya Afrika Kusini, hadi Uingereza, ina kilomita 14,530. Ongeza barabara ya kutoka kwetu hadi pwani ile, unakaribia 18,000. Zidisha kwa nne, kwa kuwa ni kwenda na kurudi mara mbili: milisekunde 360 zimeishia safarini, na zilizobaki ni kusubiri kwenye ruta, mashine zinazoelekeza pakiti njiani.

Mji wetu una LUBIX, pahali ambapo watoa huduma wanaweza kukutana na kupeana mawasiliano ya hapa hapa. Ila hawa wawili wetu hawakutani pale. Hivyo mwanafunzi wa ualimu anayetaka kusoma kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa tiba kuhusu malaria ya hapa Lubumbashi anaivuta kutoka Ulaya. Sisi tunalipia kuivuta, wao wanalipia kuitoa. Jambo hili limeninyima usingizi miaka miwili.

20 Agosti

Kikao cha kwanza cha kuunganisha vyuo vyetu moja kwa moja, hapa hapa mjini. Vyuo vinne: chuo kikuu, tiba, biashara, na sisi wa ualimu. Sitavitaja majina maana makubaliano hayajatiwa sahihi.

Nilikuja na michoro, nikafikiri maswali yatakuwa ya bei. La kwanza lilitoka kwa profesa mstaafu wa chuo kikuu, mzee wa lugha, aliyekaa kimya saa nzima na kofia yake magotini.

"Mwaka 1971 walituambia pia tuungane," akasema.

Vijana wengine hawakujua anasema nini, akawaeleza. Zamani kulikuwa Lovanium kule Kinshasa, chuo kikuu huru Kisangani, na cha serikali hapa kwetu, Élisabethville ya wakati ule, kilichoanza miaka ya 1950. Mwaka 1971 vyote vitatu vikamezwa na kitu kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Vitivo vikagawanywa: lugha na fasihi vikaletwa Lubumbashi, na yeye, akiwa kijana wa Kinshasa, akafunga sanduku lake akaja. Mpaka 1981 ndipo vikaachana tena. "Miaka kumi kila karatasi ilisubiri sahihi ya Kinshasa. Sasa munifafanulie, hii kamba yenu itakaa mikononi mwa nani?"

Sikuwa na jibu la kutosha, nami nikamwambia hivyo. Tulikaa mpaka giza likaingia. Mwishowe tuliandika hivi: kila chuo kinabaki na orodha ya watu wake, maneno yao ya siri na seva zake; mtandao unabeba tu, hauweki; kila chuo kinamiliki vifaa vilivyo ndani ya ukuta wake; na kinachotaka kutoka kinatoka na vifaa vyake bila kuomba ruhusa. Mzee akasoma mara mbili, akasema tuendelee, yeye atatazama.

Mwingine aliuliza kwa nini tusingoje Eb@le, mtandao wa vyuo uliozaliwa Kinshasa, ambao umo katika UbuntuNet, muungano wa mitandao kama hiyo Afrika, ulioanzishwa mwaka 2005. Swali zuri. Ebale kwa Kilingala ni mto. Nikamjibu kwamba siku mto utakapofika Lubumbashi, utahitaji mfereji wa kuingilia, na mfereji huo hakuna wa kutuchimbia. Wakenya nao hawakungoja: walianza KENET, mtandao wa vyuo vyao, mwaka 1999, wakati intaneti ya satelaiti ilikuwa ghali kuliko tunavyoweza kufikiria leo.

3 Septemba

Tumeanza kuchimba mfereji wa faiba, kebo ya nyuzi za kioo, kati yetu na chuo cha biashara. Mita 640, kina sentimita 80. Mwisho wa kiangazi udongo mwekundu wa hapa ni tofali lililochomwa tayari. Sururu inaruka juu. Vijana kumi wanasogea mita 45 kwa siku. Kichuguu kimoja kilikuwa katikati ya njia, kirefu kuliko mtu, nao wakakizunguka. Sikuwalazimisha. Anayejua Katanga anajua kwamba mchwa ukiwavunjia nyumba leo, watakuja kuangalia kebo yako kesho.

9 Septemba

Usiku wamefukua mita 40 za kebo. Hawakuichukua. Tuliikuta imekatwa vipande kando ya mfereji, kila kipande kimemenywa kwa kisu kuanzia nchani: ganda jeusi, nyuzi za manjano za kuimarisha, na ndani ule uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Walikuwa wanatafuta mukuba, kama tunavyoita shaba hapa. Katika mji huu ulioishi kwa mukuba, kamba nyeusi inayofukiwa ardhini ina maana moja tu.

Nilikasirika asubuhi nzima. Mchana Papa mlinzi akaniambia nisiende polisi kwanza. "Waonyeshe," akasema. "Mtu haibi kitu anachojua hakina kazi kwake."

11 Septemba

Tumewaonyesha. Jioni, baada ya watu kutoka kazini, tuliweka meza kwenye kona ya barabara, vile vipande vilivyokatwa juu yake, pamoja na ile kalamu ya mwanga mwekundu ambayo mafundi wa faiba hutafutia mahali palipovunjika. Niliunganisha kalamu kwenye ncha ya kebo nzima iliyozungushwa kwenye kigogo, karibu mita 500, nikamwomba mtoto mmoja atandaze karatasi nyeupe mbele ya ncha ya pili. Doa jekundu likatokea pale pale. (Niliwaambia wasiitazame ncha yenyewe, inaumiza jicho.) Mtoto akaishika karatasi kama ameshika kaa la moto.

Mzee mmoja akachukua kipande, akakivunja kwa kucha, akasikia kikilia *tik*.

"Haina mukuba?"

"Haina, papa. Iko kioo tu."

"Na inapita nini ndani?"

"Mwanga. Na ndani ya mwanga, vitabu."

Akageuka akawaambia wenzake kwa Kibemba jambo ambalo sikulisikia vizuri, wakacheka, lakini si kwa ubaya. Kijana wake sasa yuko kwenye kundi la wachimbaji. Juu ya kila kigingi cha saruji kando ya mfereji tumeandika kwa rangi ya mafuta: KIOO – HAINA MUKUBA. Hadi leo hajagusa mtu.

2 Oktoba

Faiba imeunganishwa, vyuo viwili vinaongea. Mashine ya kuunganishia nyuzi kwa moto tuliazimwa kwa siku mbili; fundi wake alifanya kazi chini ya mwavuli, kwani vumbi moja tu kwenye ncha ya uzi linatosha kuharibu kiungo. Milisekunde 0.4. Sikuandika sana siku hii, nililala.

15 Oktoba

Chuo cha tiba hatuwezi kukifikia kwa mfereji: kilomita nne, reli, na barabara kuu mbili. Tutatumia redio ya gigahezi 5.8, antena ya sahani kila upande. Tumewaandikia ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, kuhusu masafa. Mlingoti wetu ni wa mita 18, wa kwao 15.

Wengi wanadhani antena mbili zikionana kwa macho, kazi imekwisha. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanapita kama muhogo: wembamba kwenye ncha, unene katikati. Kwa kilomita nne na masafa haya, pale katikati nusu unene wake ni kama mita saba, na zaidi ya nne kati ya hizo lazima ziwe wazi kabisa. Nilizunguka mtaa kwa mtaa chini ya mstari huo, nikahesabu miti na maghorofa. Jakaranda zote zimechanua, mji mzima umegeuka zambarau, barabara zimetandazwa maua. Zilizoko kwenye njia yetu zilikuwa na maua tu, majani hakuna. Niliandika kwenye daftari: njia iko wazi.

Hilo ndilo kosa langu kubwa katika mradi huu, na nitaliandika litakapofika zamu yake.

29 Oktoba

Redio imewaka. Kipimo cha mawimbi -57 (kadiri kinavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yana nguvu), megabiti 180 kwa sekunde zinapita bila shida. Ping kwenda chuo cha tiba: milisekunde 3. Kutoka 391 hadi 3. Nilimpigia simu mwenzangu wa kule, hatukusema neno, tulisikia tu kila mmoja anavyopumua.

17 Novemba

Mvua imeanza kwa radi. Swichi moja, kile kisanduku cha kugawa kebo za mtandao, imeungua, na milango minne ya nyingine. Tulikuwa tumeacha kebo moja ya shaba kati ya majengo mawili, mita 70, "kwa muda". Radi haikuhitaji muda zaidi ya huo. Tumeiondoa, tumeweka kioo, ambacho hakipitishi umeme, na tumefukia fito mpya za kuingiza radi ardhini chini ya mlingoti.

12 Desemba

Tangu mwisho wa Novemba kiungo cha redio kilikuwa kinalegea, kila juma kidogo. Leo kipimo ni -76 na pakiti zinapotea. Nilikagua viunganishi, nikabadilisha kebo, nikakaza boliti za antena wakati mvua inakuja. Nilipokuwa juu ya mlingoti, nimekumbatia chuma kilicholowa, ndipo nilipogeuza kichwa nikaangalia upande wa tiba. Bati jekundu halionekani. Zambarau imeondoka na mahali pake pamejaa kijani.

Jakaranda huangusha majani kiangazi na kuyarudisha mvua ikija. Nimezaliwa mji huu. Nimepita chini ya miti hii kila mwaka wa maisha yangu, na nilipima njia ya redio katika majira ambayo imevuliwa nguo.

14 Desemba

Mti unaoziba zaidi umo ndani ya ua wa Mama mmoja mjane, karibu nusu ya njia. Tulikwenda wawili, tukabisha, akatukaribisha barazani na kutupa chai. Tukaeleza. Akasikiliza vizuri kabisa, akauliza hata wanafunzi wa tiba wanasoma miaka mingapi. Halafu akasema:

"Bwana yangu aliupanda mwaka tuliooana. Mutanisamehe, wanangu."

Tukaomba radhi. Alitusindikiza mpaka langoni na mfuko wa maembe.

Mwenzangu njiani akasema tungeweza kupitia kwa mkubwa wa mtaa, apeleke barua. Nimekataa, na nimeandika hapa ili isije ikasemwa baadaye kwamba hatukufikiria. Mtandao unaoingia mtaani kwa kukata mti wa mjane utakosa walinzi siku utakapowahitaji, na tumeshaona kwenye mfereji wa faiba ni nani hasa anayelinda kebo zetu. Tutanyanyua milingoti.

8 Januari

Vipande viwili vya mita tatu vimeongezwa kwetu, viwili kwa tiba, pamoja na nyaya mpya za kushikilia. Kipimo -59, na majani yote yapo. Fedha zilizokuwa za betri ya tatu zimeingia humo. Umeme ukikatika zaidi ya saa tano, kiungo kitazima. Ni deni linalosubiri.

21 Januari

Chuo kikuu kimeingia, na kimeingia na tatizo nililolijua mapema: kila chuo kilikuwa kinatumia anwani zilezile. 192.168.1.1 ilikuwa ruta ya tiba, printa ya biashara, na seva ya mitihani ya chuo kikuu. Kila mmoja alichukua namba zilizotoka kiwandani, na kwa kuwa aliishi peke yake hakuna aliyemgonga. Ni kama mitaa minne iliyojengwa mbalimbali, kila mmoja una nyumba namba moja, leo imekuwa mji mmoja na mpeleka barua ndiye sisi.

Njia rahisi ni kuficha kila chuo nyuma ya anwani moja ya kutafsiri. Nimeipinga kikaoni kwa nguvu, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Ukificha, mwanafunzi anaweza kutoka lakini hakuna anayeweza kumtembelea. Kila huduma mpya itataka tundu jipya ukutani, na baada ya mwaka hakuna atakayejua tundu lipi ni la nini. Tumegawa upya, kila chuo na mwanzo wake wa anwani: chuo kikuu 10.10, tiba 10.20, biashara 10.30, ualimu 10.40, na 10.50 imebaki wazi. Kubadilisha mashine moja moja kulichukua siku tisa. Printa ya ofisi ya fedha ya chuo kimoja ilinishinda hadi siku ya nane, ndipo katibu pale akanionyesha karatasi ya maelekezo aliyokuwa ameihifadhi kwenye droo tangu siku iliponunuliwa.

16 Februari

Sasa sehemu aliyokuwa akiingoja mzee. Tumefuata mpango wa eduroam, ulioanza Ulaya mwaka 2002: mtu wa chuo cha tiba akifika kwetu na kutaka kuingia mtandaoni, anaandika jina lake likiishia na jina la chuo chake. Seva yetu inaangalia mwisho huo tu, inapeleka ombi kwa seva ya kwao. Neno la siri linapita ndani ya bomba lililofungwa, linafunguliwa kwao. Sisi tunapokea jibu moja, ndiyo au hapana. Orodha haikusogea hata hatua moja.

Kwenye karatasi. Kwa siku mbili simu zote za tiba zimekataliwa kwetu, na zote za kwetu zimepokelewa kwao. Nimesoma mipangilio mstari kwa mstari hadi macho yakavimba.

18 Februari

Nimekwenda mwenyewe tiba, nikakaa mbele ya seva yao, nikaandika amri ya kuuliza tarehe. Ikajibu: 1 Januari 2010.

Umeme ulikuwa umekatika Jumamosi, ukamaliza na betri ya akiba. Ndani ya seva kuna betri ndogo ya kidonge, CR2032, inayoikumbusha saa wakati imezima; nayo ilikuwa imekufa siku nyingi. Seva iliamka ikidhani ni mwaka 2010, ikatazama vyeti vya kidijitali vya kutambulishana tulivyovitengeneza mwaka huu, ikaona havijaanza kutumika, ikafunga mlango. Ilifanya sawasawa kabisa na ilivyofundishwa.

Nilichukua basi hadi soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi), kwa yule mtengeneza saa anayekaa upande wa vitambaa. Nikamwomba vidonge vinne, kimoja kwa kila chuo. Akavipima kimoja kimoja kwa ulimi kabla ya kunipa. Jioni simu ya kwanza ya tiba ikapita kwetu. Sasa seva zote zinauliza saa kutoka mashine moja ya chuo kikuu, na ile inauliza nje.

5 Machi

Katalogi ya pamoja imefunguliwa kwa Koha, programu huria ya maktaba iliyotoka New Zealand. Kila maktaba inaingiza vitabu vyake yenyewe. Utafutaji unapita zote nne. Kazi za mwisho za wanafunzi ndizo zinazoombwa kuliko vitabu. Kuna moja ya miaka ya 1980 kuhusu majina ya mitaa ya Lubumbashi, iliyopigwa taipu, nakala iliyobaki ikiwa moja. Mkutubi wa biashara aliikuta kwenye kabati la risiti. Tumeipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na juma hili imeshafunguliwa kutoka vyuo vyote vinne.

13 Machi

Profesa mstaafu amekuja maktabani kwetu, bila taarifa, na kofia yake. Akakaa meza ya dirishani, akatoa simu, akaandika jina lake taratibu kwa kidole kimoja, akiangalia vizuri ile sehemu ya mwisho yenye jina la chuo kikuu chake. Ikaunganika. Akaniita kwa mkono.

"Neno langu la siri limelala wapi sasa hivi?"

"Kwenu, baba. Halijatoka."

Akanyamaza kidogo, kisha akatafuta ile kazi ya majina ya mitaa. Alisoma mpaka tulipofunga. Alipokuwa anatoka akaniambia ukurasa wa 31 una kosa, mtaa ule haukuitwa hivyo, na atatuandikia.

Yaliyobaki juma lijalo: betri ya tatu ya mlingoti, kumjibu mkurugenzi wa chuo cha tano, anayeuliza kama 10.50 bado iko wazi. Na kumpelekea Mama wa jakaranda kalenda ya mwaka, aliyoiomba, yenye picha ya mji ukiwa zambarau.